Injini za magari ya zamani ya Safari Rally

Injini za magari ya zamani ya Safari Rally ni injini zilizosukuma magari ya mashindano hayo ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1953 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yaani kabla ya magari yenye tabo na yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne kutawala. Zilikuwa za aina nyingi: za mipigo miwili na za mipigo minne, za kupozwa kwa hewa na za kupozwa kwa maji, za kabureta na za kunyunyizia petroli kwa pampu. Mara nyingi injini yenye nguvu kuliko zote haikufika mwisho. Iliyoshinda ni ile iliyostahimili vumbi, maji, matope na mwinuko kwa maelfu ya kilomita, na ambayo fundi aliweza kuitengeneza kando ya barabara.

Historia fupi ya mashindano

Mashindano yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 jina lilibadilishwa kuwa East African Safari Rally, na baadaye likafupishwa kuwa Safari Rally. Mwaka 1973 mashindano yaliingizwa katika ubingwa wa dunia wa rali. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 njia ilibaki ndani ya Kenya pekee.

Kwa kawaida mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, ambapo mvua za masika huwa zimeanza au zinakaribia. Hivyo gari lililoondoka katika vumbi liliweza kujikuta kwenye tope zito siku hiyohiyo. Barabara hazikufungwa, na madereva walikutana na malori, mabasi, ng'ombe na wanyamapori. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na kufika 7 tu. Mwaka 1968 pia yalifika 7. Katika miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404.

Mazingira yaliyojaribu injini

Mwinuko

Njia ya mashindano ilishuka hadi pwani na kupanda hadi nyanda za juu zinazozidi mita 2,000. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo hewa inavyokuwa nyembamba, na injini isiyo na tabo hupata oksijeni kidogo kwa kila pigo la pistoni. Katika kimo cha mita 1,800 uzito wa hewa umepungua kwa takriban asilimia 16 ukilinganisha na usawa wa bahari, na nguvu ya injini hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho.

Jambo hilo linaeleweka vizuri kwa wakazi wa nyanda za juu za Ufipa. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribiana na kile cha Nairobi, ilhali Ziwa Tanganyika huko Kasanga liko kwenye mita 773 hivi. Gari linalopanda kutoka ziwani hadi Sumbawanga hupoteza nguvu njiani hata kama halina kasoro yoyote. Likiwa na kabureta hupata tatizo la pili: petroli haipungui sawasawa na hewa, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi mno. Plagi hushika masizi, moshi mweusi hutoka na mafuta huisha mapema. Mafundi wa rali walilazimika kuchagua tundu la kabureta litakalofaa pwani na milimani pia, bila kuwa bora kabisa kwa upande wowote.

Vumbi, maji na joto

Vumbi laini likipenya chujio la hewa husaga kuta za silinda na ringi za pistoni. Kwa sababu hiyo magari mengi ya zamani yalitumia chujio lenye bakuli la oili, ambalo hunasa vumbi na linaweza kuoshwa na kutumika tena.

Maji yalikuwa hatari zaidi. Hayabaniki kama hewa. Yakiingia ndani ya silinda wakati injini inazunguka, konrodi hupinda au kuvunjika papo hapo. Maji machache tu juu ya waya za plagi yalitosha kuizima injini katikati ya mto. Ndiyo maana magari mengi yaliinuliwa bomba la kuvutia hewa, na waya za umeme zikafunikwa kwa mpira. Tope nalo liliziba rejeta, na injini ikachemka.

Aina za injini

Injini za mipigo miwili

Katika injini ya mipigo minne pistoni hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mlipuko mmoja. Katika injini ya mipigo miwili hupanda na kushuka mara moja tu. Injini hiyo haina valvu wala shafti ya kuziendesha, hivyo ni nyepesi na ina vipuri vichache. Ndiyo sababu aina hiyohiyo ilitumika katika pikipiki nyingi za zamani, na pia katika mashine za mbio za kwenye theluji huko Kanada na Marekani katika miaka ya 1960 na 1970.

Gari la DKW 3=6 la Ujerumani, lililoshinda mwaka 1956 likiendeshwa na Eric Cecil na Tony Vickers, lilikuwa na silinda 3 na ujazo wa cc 896. Jina lake lilidai kwamba silinda 3 za mipigo miwili hutoa milipuko mingi sawa na silinda 6 za mipigo minne.

Gari la mipigo miwili linalokumbukwa zaidi ni Saab 96 ya Uswidi, yenye silinda 3 na ujazo wa cc 841. Pat Moss alimaliza wa tatu nalo mwaka 1962. Erik Carlsson aliongoza mashindano ya 1963 hadi alipogonga mhanga, mnyama wa usiku alaye mchwa, akalazimika kuacha. Mwaka 1964 alimaliza wa pili akiwa na Gunnar Palm. Gari lao lilipokwama matopeni, wawili hao walilibiringisha juu ya paa lake hadi kwenye ardhi ngumu na kuendelea na safari. Uzito mdogo wa gari ndio uliowawezesha.

Injini hizo zilikuwa na udhaifu wake. Oili huchanganywa na petroli, kwa hiyo dereva akiachia pedali ya mafuta katika mteremko mrefu, injini inakosa ulainisho huku ikiendelea kuzunguka kwa kasi. Saab na DKW zilikuwa na kifaa kilichoruhusu magurudumu kuzunguka bila kuivuta injini, lakini matokeo yake ni kwamba injini haikusaidia kupunguza mwendo na breki zilibeba kazi yote.

Injini za kupozwa kwa hewa

Volkswagen Beetle ilishinda miaka ya 1954, 1957 na 1962. Injini yake ya silinda 4 zilizolala iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma gari, na uzito huo ulisaidia matairi kushika kwenye tope. Haikuwa na rejeta ya kuziba wala maji ya kuchemka. Gari la mwaka 1962, lililoendeshwa na Tommy Fjastad na Bernhard Schmider, lilikuwa na ujazo wa cc 1,192 tu, lakini lilishinda magari yenye nguvu maradufu.

Porsche 911, yenye silinda 6 za kupozwa kwa hewa, ilikuwa na kasi kubwa zaidi. Hata hivyo haikuwahi kushinda Safari Rally. Ilimaliza ya pili mwaka 1972 kwa Sobiesław Zasada, mwaka 1974 kwa Björn Waldegård na mwaka 1978 kwa Vic Preston mdogo.

Injini za silinda 4 za kupozwa kwa maji

Kundi hili ndilo lililoshinda mara nyingi zaidi. Peugeot 404, yenye cc 1,618, ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Silinda zake ni mirija inayoweza kutolewa na kubadilishwa, hivyo injini iliyochakaa ilifufuliwa bila kutupa bloku. Magari ya ushindi wa 1966 na 1967 yaliendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam aliyezaliwa Uskoti, akiwa na Chris Rothwell. Ni ushindi wa Tanzania unaokumbukwa sana katika historia ya mashindano haya.

Volvo PV544 ilishinda mwaka 1965 ikiwa na injini ya cc 1,778, ambayo krankshafti yake imeshikwa na bearingi 5 na kwa hiyo haitikisiki kirahisi. Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho nchini Kenya, na ndugu yake Jaswant walilitumia gari ambalo lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Waliyashinda magari mapya ya viwanda.

Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Ufini na Gunnar Palm walishinda kwa Ford Escort RS1600, yenye valvu 16 na shafti mbili za kuziendesha. Mikkola alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. Kuanzia hapo timu za viwanda zenye magari mengi ya huduma na hata ndege zilizidi kuongezeka. Lakini miaka miwili baadaye Joginder Singh alishinda tena, kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR yenye cc 1,597 na shafti moja tu. Mwaka 1976 alishinda mara ya tatu, na Lancer zilichukua nafasi zote tatu za juu.

Injini za silinda 6

Mercedes-Benz ilishinda mfululizo mwaka 1959, 1960 na 1961 kwa injini za silinda 6 za cc 2,195. Datsun 240Z, yenye cc 2,393, ilishinda mwaka 1971 na 1973. Katika mashindano ya 1973 Shekhar Mehta alilingana kwa alama na Harry Källström, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Mehta alizaliwa Uganda, na familia yake ilikuwa imeondoka nchini humo mwaka 1972 wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia.

Baadhi ya washindi na injini zao

- 1956: DKW 3=6, silinda 3, mipigo miwili, cc 896
- 1962: Volkswagen Beetle, silinda 4, hewa, cc 1,192
- 1964: Ford Cortina GT, silinda 4, cc 1,498
- 1965: Volvo PV544, silinda 4, cc 1,778
- 1966, 1967: Peugeot 404, silinda 4, cc 1,618
- 1969: Ford Taunus 20M RS, silinda 6 za umbo la V
- 1970: Datsun 1600 SSS, silinda 4, cc 1,595
- 1971, 1973: Datsun 240Z, silinda 6, cc 2,393
- 1974, 1976: Mitsubishi Lancer 1600 GSR, silinda 4, cc 1,597
- 1975: Peugeot 504, silinda 4, cc 1,971
- 1978: Peugeot 504 Coupé, silinda 6 za umbo la V, cc 2,664
- 1979 hadi 1982: Datsun, silinda 4, takriban lita 2 (Shekhar Mehta na Mike Doughty)

Mwisho wa enzi

Mwaka 1984 Toyota Celica yenye tabo ilishinda ikiendeshwa na Björn Waldegård. Tabo husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, na hivyo hurudisha sehemu kubwa ya kile kinachopotea kwa sababu ya mwinuko. Celica ilishinda tena mwaka 1985 na 1986. Tangu hapo gari la kawaida la dukani, lililoimarishwa na fundi wa mtaani, halikuwa tena na nafasi ya kweli ya kushinda.

Kumbukumbu na mashindano ya magari ya kale

Safari Rally iliacha kumbukumbu hata kwa watu wasiowahi kumiliki gari. Joginder Singh aliitwa "Simba wa Kenya". Peugeot 404 na 504 zilizokuwa teksi na magari ya mizigo vijijini zilikuwa ndugu wa karibu wa magari yaliyoshinda, na mafundi waliozijua walizijua pia zile za mashindano.

Mwaka 2003, miaka 50 baada ya safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya East African Safari Classic kwa ajili ya magari ya kale. Baadhi ya njia zake zimepita Kenya na Tanzania. Humo wamiliki wana chaguo mbili: kuitunza injini ya asili na udhaifu wake, au kujenga injini kubwa na imara zaidi ndani ya umbo la zamani. Ian Duncan wa Kenya alishinda mwaka 2009 kwa Ford Mustang, na Carl Tundo, pia wa Kenya, alishinda mwaka 2017 kwa Triumph TR7. Magari yote mawili yalikuwa na silinda 8. Porsche 911 nayo ilipata ushindi iliyoukosa zamani: Waldegård alishinda nayo mwaka 2011, miaka 37 baada ya kumaliza wa pili, akisomewa njia na mwanawe Mathias.

Matokeo hayo hayalingani na yale ya zamani. Mashindano ya leo huwa na huduma bora na mapumziko ya usiku, kwa hiyo injini kubwa hupata nafasi ya kutunzwa. Katika Safari ya awali injini ilizunguka usiku na mchana, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu gari dogo la cc 1,192 au 1,618 lilifika kwanza.