Viaweb Ilianza na Maduka 6. Wewe Unadharau Nini?

Niliacha chuo mwaka wa pili nikiwa na wazo moja tu: nitengeneze programu ya kumsaidia mwenye biashara ndogo ajijengee websaiti mwenyewe, bila kulipa mtu. Miezi minane nilijifungia kwa nyumba na laptop. Programu ikaisha. Nikaipeleka kwa mama mmoja anayeuza vitenge Nakuru mjini. Akaiangalia kwa simu yake, akatabasamu, akaniambia, "Ni poa sana, kijana wangu. Sasa nitengenezee."

Wacha niwaambie ukweli, niliskia vibaya. Kwani nimeteseka miezi minane ndio nirudi kuwa fundi wa kumjengea? Si maana yote ilikuwa ajijengee? Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Sikujua kuna watu walipitia hayo hayo kabla hata sijazaliwa. Stori yao ndiyo nataka tuipitie leo, kwa sababu watu wengi mtaani wanaijua mwisho tu, ile sehemu ya pesa.

Ni mwaka wa 1995, Cambridge, jimbo la Massachusetts kule Marekani. Paul Graham na rafiki yake Robert Morris walikuwa na kampuni iliyoitwa Artix. Kazi yake ilikuwa kuweka nyumba za maonyesho ya sanaa kwenye intaneti. Shida ni moja: wenye hizo nyumba hawakutaka. Hawakuona faida. Jamaa wakaanguka kifo cha mende kabla hata ya kuanza vizuri.

Wakageukia watu wa maduka. Hao angalau walikuwa na haja ya kuuza. Na hapo wakapata wazo ambalo sai tunaliona la kawaida. Enzi hizo programu uliinunua kwa diski, ukaiweka kwa kompyuta yako. Wao wakasema hapana, programu ikae kwenye seva yetu, mwenye duka aiendeshe kwa kubofya tu ndani ya brauza. Hitilafu ikitokea, wanairekebisha kwao na kila mteja anapata dawa mara moja. Wakamwongeza Trevor Blackwell, kampuni ikaitwa Viaweb. Januari 1996 wakafungua rasmi wakiwa na maduka 6. Bei ilikuwa dola 100 kwa mwezi kwa duka dogo, 300 kwa duka kubwa.

Sasa sikia hii. Programu ilikuwa imeundwa ili mtu ajijengee, lakini wenye maduka hawakujijengea. Kwa hivyo waanzilishi wenyewe wakaketi, wakawajengea mmoja mmoja. Watu wenye akili ya ajabu, wanahangaika na picha za mifuko ya safari, kalamu na mashati ya wanaume. Graham mwenyewe aliandika baadaye kwamba wakati ule walijiona wanyonge kufanya hivyo. Lakini ni kwenye hizo picha walijifunza biashara. Kwa mfano, picha ikiwa ndogo, afadhali uonyeshe kola ya shati kwa karibu kuliko shati lote. Hakuna darasa lingewafundisha hiyo.

Mwisho wa 1996 walikuwa na maduka karibu 70. Mwaka mzima, 70! Ukiniambia hiyo namba leo ningecheka. Lakini mwisho wa 1997 yalikuwa karibu 500. Hiyo ni mara saba kwa mwaka mmoja. Mwaka wa 1998 Yahoo wakainunua Viaweb kwa hisa za thamani ya karibu dola milioni 49, ikawa Yahoo! Store.

Kabla uniambie "unaona, shule si kitu", ngoja. Graham alikuwa na shahada ya udaktari kutoka Harvard. Morris alisimamishwa chuo cha Cornell kwa sababu ya ile programu yake ya 1988 iliyosambaa na kuangusha maelfu ya kompyuta, na akahukumiwa kortini. Lakini alirudi darasani, akamaliza, na baadaye akawa profesa MIT. Kwa hivyo usinitumie mimi kama kisingizio cha kuacha chuo. Mamangu bado huniuliza nitarudi lini, na sina jibu la kumpa.

Ninachosema ni hiki: tunapenda kujiita waanzilishi lakini tunaona haya kuwa mafundi. Tunataka programu ikue yenyewe tukiwa tumelala. Na biashara ndogo ya hapa ni ngumu hata kuliko ya Marekani ya 1996, kwa sababu mwenye duka tayari ana WhatsApp na Till Number ya M-Pesa. Hilo ndilo duka lake la mtandaoni. Websaiti yako lazima imfanyie kitu ambacho hivyo viwili havimfanyii, na huwezi kukijua hicho kitu ukiwa umejifungia kwa nyumba.

Nilirudi kwa yule mama. Alinipa kigoda, nikakaa siku mbili nikipiga picha za vitenge. Siku ya kwanza nikagundua programu yangu ilikuwa na nafasi ya bei moja tu, na yeye ana bei ya yadi tatu na bei ya yadi sita. Siku ya pili nikahesabu simu alizopokea. Karibu kila mtu aliuliza swali moja: mnatuma mpaka wapi, na mzigo unafika siku gani? Miezi minane yote, sikuwa nimeweka mahali pa kujibu hilo swali. Nilikuwa nimeweka rangi 24 za kuchagua.

Nimeandika upya karibu nusu ya programu. Alipoiona tena hakusema ni poa. Aliuliza tu kama anaweza kubadilisha bei mwenyewe usiku akifika nyumbani. Nikamwonyesha, akabadilisha.

Sai niko na wateja watatu, wote nimewajengea kwa mkono. Wa nne anauza viatu, na kesho asubuhi naenda kupiga picha.