Kitawala na uasi wa Masisi, 1944

Kabla ya vyama kudai uhuru, upinzani kwa Wabelgiji katika eneo letu la Masisi na Walikale ulisemwa kwa maneno ya Biblia. Kitawala kilitokana na mafundisho ya Watch Tower, yaliyoenezwa na Elliot Kamwana huko Nyasaland (leo Malawi) tangu 1908, kikaingia Kongo kupitia Katanga.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia mzigo ulizidi. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu walipelekwa porini kutafuta mpira. Mwanzoni mwa 1944 Bushiri Lungundu alijitangaza kuwa mkombozi mahali pa Yesu. Uasi ukaenea Lubutu, Walikale na Masisi. Serikali iliuzima kwa jeshi.

Wapendwa wa Bweremana, hakuna mtu apewaye kiti cha Yesu. Lakini tusome pia Kutoka 5: Farao aliwanyima watu majani, akadai matofali yale yale. Kundi ambalo mzigo wake hautajwi kanisani litatafuta mchungaji mwingine.