Maji Yazizimayo Kwihara

Msafiri aliyetoka Bagamoyo kwa miguu, akapita Ugogo penye ukame na madai ya hongo, yaani ushuru wa njia, akafika Unyanyembe baada ya miezi mitatu hivi, hakuwa na tunu aliyoitamani kuliko maji ya baridi; nayo huko Kwihara, karibu na Tabora, aliyapata pasipo barafu wala mtambo. Katika tembe ile waliyofikia wasafiri Stanley na Livingstone Februari 1872, na ambamo Livingstone alibaki hadi Agosti akingoja wapagazi, kuta nene za udongo zilizuia hari ya adhuhuri. Lakini hekima iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa mtungini. Udongo uliochomwa una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya, yakatoka nje mithili ya jasho, yakachukuliwa na upepo, na kila gramu igeukayo mvuke huondoka na jouli 2,400 hivi za joto, hata yaliyosalia ndani yakazizima. Ndiyo sababu mtungi huwekwa kivulini penye upepo, na kiganja kiugusacho tumboni hurudi kimelowa.

Siku hizi pia maji hutumika kupoza, ila kwa njia nyingine: kijana atakaye kuipoza kompyuta yake nyumbani kwa gharama ndogo hukalisha kipande cha shaba chenye mifereji juu ya prosesa, akaunga mipira, pampu ndogo na rejeta kuukuu ya gari, maji yakabeba joto na kulitua mbele ya feni. Maji yake huzunguka yasipungue, ilhali mtungi huulipia ubaridi kwa maji yenyewe, na jioni hauna budi kujazwa tena.