Lenzi bandia kwa wasioona mbali

Uchaguzi wa lenzi bandia hutangulia upasuaji wa mtoto wa jicho, nao ni mgumu zaidi kwa mtu asiyeona mbali kwa kiwango cha dayopta −6 au zaidi. Lenzi ikilenga mbali, ataendesha gari bila miwani, ila kusoma kutamdai miwani. Aliyezoea kuvua miwani ili atunge uzi kwenye sindano huiona hiyo kuwa hasara tupu. Akibakiziwa takribani −2.5, atasoma kitabu kilicho sentimita 40 kutoka machoni, na miwani ataivaa ya mbali. Jicho lake huwa refu, na urefu huo hupotosha hesabu za nguvu ya lenzi, hasa kwa kanuni za zamani. Retina hukaguliwa kwanza, maana huwa nyembamba na rahisi kubanduka.