Usisimuaji wa Neva kwa Umeme

Kifaa chenyewe hutosha mfukoni: kisanduku cha betri, nyaya, na vibandiko vya kugandisha kwenye ngozi karibu na panapouma. Mgonjwa huongeza mkondo mpaka ahisi msisimko mkali usiomuumiza. Jina "tiba ya umeme" huja haraka mdomoni, lakini linabeba mengi mno, ikiwemo mishtuko ya umeme anayopewa mgonjwa wa sonona kali, na linaahidi uponyaji. Goti lililolika halirudi upya kwa vibandiko. "Kusisimua mishipa" nako kuna walakini, kwa kuwa mshipa ni wa damu pia, na kwa watu wengi ni ngiri. Ndiyo maana nashikilia usisimuaji wa neva kwa umeme: jina hili linataja kinachofanyika, nalo linaacha matokeo yathibitishwe.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango. Neva nene zinazopeleka habari za mguso zikisisimka, lango huwabania wajumbe wa maumivu wanaopita kwenye neva nyembamba. Miaka 2 baadaye Wall na William Sweet waliripoti kutuliza maumivu sugu kwa umeme. Mapigo 50 hadi 100 kwa sekunde hufuata njia hiyo ya lango. Mapigo ya polepole, yenye nguvu ya kutikisa misuli, huuchochea zaidi mwili utoe kemikali zake zinazofanana na mofini.

Atakayesema jina ni refu ana haki, ila "usisimuaji neva" yatosha kliniki. Pingamizi zito zaidi ni la ushahidi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022, wenye majaribio 381, ulikuta maumivu yakipungua wakati kifaa kinafanya kazi au mara tu baada ya hapo. Lakini majaribio mengi ni madogo, na ni vigumu kumficha mgonjwa kwamba amepewa kifaa bandia, kwani hahisi chochote. Kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachojulikana, mwongozo wa Uingereza wa 2021 unakataza kutoa usisimuaji huu. Nasoma haya kama nafuu ya muda, yenye thamani kwa anayetaka kupunguza vidonge. Na neno kusisimua linaonya pia: mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asitumie usisimuaji huu bila idhini ya daktari wake, wala vibandiko visiwekwe mbele ya shingo, penye neva zinazodhibiti shinikizo la damu.