Viumbe Wanaoishi na Nyungunyungu katika Sanduku la Mboji

Tangu bei ya mbolea ya viwandani nchini Kenya ilipopita shilingi 6,000 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2022, mboji ya nyungunyungu wekundu imekuwa na thamani ya pekee kwa mkulima mdogo. Hata hivyo, anayeanza ufugaji huu hukuta baada ya majuma machache kwamba sanduku limejaa viumbe ambao hakuwatia. Wapo wanaoingiwa na hofu na kunyunyiza dawa ya wadudu. Dawa hiyo haichagui. Nyungunyungu nao hufa.

Ukweli ni kwamba nyungunyungu hafanyi kazi peke yake. Hana meno. Humeza mabaki yaliyokwisha kulainishwa na bakteria na kuvu, kisha huyasaga katika firigisi kwa msaada wa chembe za mchanga. Jongoo humtangulia kwa kutafuna majani makavu. Vijidudu vyeupe virukavyo, vidogo kuliko punje ya mtama, hula kuvu na kuizuia isitande kupita kiasi. Hao wote waachwe.

Wengine si adui, bali ni dalili. Utitiri wakiwa wengi mno, au vijinyoo vyeupe vyembamba kama uzi, huonyesha kwamba sanduku lina maji mengi na uchachu. Vijinyoo hivyo mara nyingi hudhaniwa kuwa watoto wa nyungunyungu, ilhali mtoto halisi huwa na wekundu wa damu unaoonekana mwilini. Dawa yake ni kupunguza maganda ya machungwa na kuongeza majani makavu, maboksi yaliyochanwa na maganda ya mayai yaliyotwangwa. Vinzi vya matunda navyo hupungua mabaki yakifukiwa.

Mabuu ya nzi askari mweusi yana habari yake. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, jijini Nairobi, kimewachunguza kwa miaka mingi kama chakula cha mifugo. Ndani ya sanduku hawali nyungunyungu, lakini huwanyang'anya chakula na kupandisha joto. Ni heri waokotwe wapewe kuku, ambao hawatalalamika.

Maadui wa kweli ni wachache. Tandu huwinda, hutofautiana na jongoo kwa kuwa kila pingili ya mwili wake ina jozi moja tu ya miguu, naye hukimbia upesi. Sisimizi hupenda sanduku lililokauka, nao huhama likinyunyiziwa maji. Siafu ni hatari kuliko wote, kwani msafara mmoja waweza kuangamiza nyungunyungu wote kwa usiku mmoja. Kinga yake ni kusimamisha miguu ya sanduku ndani ya makopo ya maji. Maji hayo yaongezwe kila yapunguapo, na majani yasiguse sanduku, maana unyasi mmoja watosha kuwa daraja.