Askofu Ambaye Hakuwahi Kuiona Pwani: Diogo Ortiz na Maandalizi ya Wareno

Karibu kila kitabu cha shule huanza habari za Wareno katika pwani yetu mwezi Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na kisha Malindi. Makala hii inadai kwamba mwanzo huo umecheleweshwa kwa zaidi ya miaka kumi, na kwamba miongoni mwa wanaostahili kurudishwa katika simulizi hiyo ni kasisi mmoja wa Kastilia, Diogo Ortiz de Vilhegas.

Hakuwa Mreno. Aliingia Ureno katika miaka ya 1470 akiwa muungamishi wa Juana, binti wa kifalme aliyewania taji la Kastilia akashindwa. Bibi yake alipoishia kutawishwa, kasisi alibaki na elimu yake ya nyota na ramani, na Mfalme João II alikuwa akiwatafuta watu wa namna hiyo. Akamweka pamoja na Mestre Rodrigo na tabibu Myahudi José Vizinho. Ndio waliolipima pendekezo la Christopher Columbus wakalikataa. Wengi huwacheka kwa hilo. Mimi sioni sababu. Columbus alikosea vibaya hesabu ya umbali wa kufika Asia kwa kupitia magharibi.

Kwetu sisi jambo zito ni la Mei 1487. Mwezi huo Pêro da Covilhã, mtu aliyekijua Kiarabu, alitumwa pamoja na Afonso de Paiva kwenda kuchunguza njia za viungo na nchi ya mfalme Mkristo wa Uhabeshi. Habari hizi tunazo kwa sababu padri Francisco Álvares alimkuta Covilhã huko Uhabeshi mwaka 1520, naye mzee yule bado aliwakumbuka waliomkabidhi ramani, akiwemo Calçadilha, jina alilojulikana nalo Ortiz kutokana na kijiji alikozaliwa. Covilhã alipita Aden, akafika Calicut na Hormuz, kisha akateremka hadi Sofala, bandari ya dhahabu iliyokuwa chini ya Kilwa. Alichokibaini ni kwamba merikebu za Ureno, zikizidi kuambaa pwani kutoka Guinea, zingeweza kufikia Sofala na Bukini na kuingia bahari ya mashariki. Nani angemfahamisha hayo kama si mabaharia na wafanyabiashara wa bahari hiyo? Swali lilitungwa Ureno. Majibu yalikuwa ya watu wa huku. Wanahistoria wangali wanabishana kama ripoti aliyompa José, mshona viatu wa Lamego, walipokutana Cairo, ilimfikia mfalme kabla Da Gama hajaondoka. Ubishi huo haugusi hoja yangu, maana ninachopima hapa ni mpango wenyewe wa kutafuta habari.

Ipo dosari ndogo katika maandishi ya kale inayofundisha mengi. Álvares anamwita Ortiz askofu wa Viseu. João de Barros, anaposimulia kisa cha Columbus, anamwita askofu wa Ceuta. Lakini wakati wa matukio hayo Ortiz hakuwa askofu wa popote. Alipewa Tangier mwaka 1491, Ceuta 1500, Viseu 1505. Huduma kwa mfalme ilitangulia, daraja likafuata. Na majimbo yake mawili ya kwanza yalikuwa miji ya ngome katika ardhi ya Afrika, iliyonyang'anywa Waislamu mwaka 1415 na 1471. Ni vigumu kutenganisha hapo cheo cha kanisa na ujira wa serikali. Hata hivyo kumwita mtumishi wa ikulu aliyevaa kanzu ya uaskofu tu ni kumpunja: mwaka 1504 katekisimu yake ilichapishwa, na huko Viseu alijengesha dari la kanisa kuu ambalo mbavu zake za mawe zimechongwa kama kamba zenye mafundo.

Machi 1500, kabla msafara wa Pedro Álvares Cabral haujang'oa nanga, Ortiz ndiye aliyehubiri Belém mbele ya Mfalme Manuel. Julai msafara huo ulikuwa Kilwa, ambako Sultani Ibrahim hakukubali masharti yake. Mwaka 1505, mwaka uleule Ortiz alipohamishiwa Viseu, Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Simtwishi askofu lawama ya mizinga ile. Ninachosema ni kwamba Almeida hakuja kubahatisha. Aliijua Kilwa na uhusiano wake na dhahabu ya Sofala, na Ureno ilikuwa imeanza kutafuta habari za aina hiyo kwa mpango miaka 18 nyuma, Ortiz akiwa miongoni mwa waliomwandaa mpelelezi.